Mkoba Mmoja, Wana Wawili: Prosesa au Kadi ya Grafiki?

Ikiwa nyumbani kwako mna kompyuta moja ya mezani na watoto wawili wanaoigombania, basi bila shaka utamwelewa mama mmoja wa Ikonge, Kaunti ya Nyamira, aliyeniandikia barua akitaka nimwamulie ugomvi. Bonasi ya majani chai ilikuwa imekwisha kugawanywa: karo, mbolea, deni la dukani na mabati ya jiko. Zilisalia shilingi 15,000, nazo aliziweka kando kwa ajili ya kompyuta. Taabu ni kwamba kila mtoto alikuwa amekwisha kuzitumia kichwani mwake.

Kifungua mimba ni binti anayesomea stashahada ya uchoraji wa majengo katika chuo cha ufundi. Alikuwa na mradi wa mwisho wa kukabidhi baada ya wiki tano, na mashine ilikuwa ikimkesheza. Yeye alitaka prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, ibadilishwe. Mdogo wake, barobaro wa shule ya sekondari, aliapa kwamba kinachokosekana ni kadi ya grafiki, na kwamba kadi hiyo ikiingia hata kazi ya dada yake itakwenda mbio kama swara. Fundi wa mjini Kisii aliyewauzia mashine alimuunga mkono kijana. "Sasa mwanangu," mama akaandika, "mimi sijui hata kimoja kati ya vitu hivyo viwili. Niambie ni kipi, kwa maana pesa ni za kimoja."

Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili katika ukurasa huu. Lakini swali la namna hii halijibiwi kabla ya kuiona mashine, na kabla ya kuuliza inafanya kazi gani. Ndiposa nikapanda matatu.

Ikonge ni soko lililo katika ile barabara ya Chebilat–Ikonge–Chabera, na ukitupa macho huku na huku ni chai na migomba, migomba na chai. Nilipokewa kwa ugali wa wimbi na chinsaga, nikaambiwa nisiguse kompyuta kabla sijashiba. Nilitii.

Mashine yenyewe ilikuwa Dell OptiPlex 7020, ile nyembamba, iliyotoka kiwandani mwaka 2014. Nchini Kenya zimejaa. Ni kompyuta zilizotumikia maofisi ya ng'ambo kwa miaka kadhaa, makampuni yakanunua mpya, hizi zikauzwa kwa jumla na kusafirishwa huku kwetu, zikatapakaa kutoka Nairobi hadi miji ya mashambani. Si za kudharauliwa. Ni imara, na vipuri vyake havikosekani. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel Core i3-4150, kijiti kimoja cha RAM cha gigabaiti 8, na diski ya SSD ambayo familia iliiweka mwaka uliotangulia. Hapo kwenye diski nitoe neno la kando: ikiwa kompyuta yako bado ina diski ya zamani ile inayozunguka, na inachukua dakika nzima kabla haijaamka, basi usisumbuke na ugomvi huu wa prosesa na kadi. Anza na SSD. Hakuna shilingi utakayoitumia kwa mashine kuukuu ikakupa raha zaidi ya hiyo.

Turudi Ikonge. Mama alitaka kwanza aelezwe vitu vyenyewe ni nini, na alikuwa na haki, kwani anayelipa ndiye anayestahili kuelewa.

Nilimwambia hivi. Prosesa ni kama fundi stadi. Mpe kazi yoyote, hata yenye hatua mia zinazotegemeana, naye ataifuata moja baada ya nyingine bila kupotea. Lakini mafundi wa namna hiyo huwa wachache. Ile i3 yao ilikuwa na viini viwili tu, yaani mafundi wawili, kila mmoja akishika kazi mbili kwa zamu. Kadi ya grafiki nayo ni kama shamba la chai asubuhi: wachumaji mamia, kila mmoja mstari wake, wote wakifanya jambo lilelile moja, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Mmoja wao hamfikii yule fundi kwa ujuzi, ila kazi ikiwa ni ya kurudiwa mara milioni watamwacha mbali. Picha ya skrini ni kazi ya namna hiyo. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, jumla zaidi ya milioni mbili, na mchezo wa mpira huzichora zote upya mara nyingi kwa kila sekunde. Kadi ndogo kama GeForce GTX 1050 Ti ina viini 768 kwa kazi hiyo. Vya prosesa huhesabika kwa vidole.

"Basi wachumaji mamia ni bora," mama akasema. Kijana akatabasamu.

La hasha. Ukiwa na wachumaji mamia na kazi yenyewe ni kujenga choo, utawalipa wakae chini ya mti. Kila programu ina namna yake ya kugawa kazi, na mwenye kuandika programu ndiye aliyekwisha kuamua nani aitwe. Ndiyo maana muuza duka anayekwambia kwamba kadi "hufanya kompyuta yote kupaa" bila kukuuliza unatumia programu gani, hakwambii lolote. Huenda hana nia mbaya. Huenda ana kadi alizoshindwa kuuza.

Binti alikuwa akitumia ArchiCAD, programu wanayoijua vyema wachoraji wa majengo nchini. Kuchora kuta na madirisha hakukumsumbua. Mateso yalianza alipotaka ile picha ya mwisho, ambayo nyumba huonekana kana kwamba imekwisha kujengwa, jua likiangaza kibarazani na vivuli vikilala nyasini. Picha moja ilichukua saa tatu na nusu. Mradi wake ulidai picha nane. Fanya hesabu mwenyewe, kisha uongeze kwamba stima ikipotea katikati, kazi huanza upya. Mara mbili alikuwa amelala saa nane za usiku akiamini picha inaiva, akaamka asubuhi na kukuta skrini nyeusi.

Nikamwomba aanzishe picha, halafu tukafanya jambo ambalo nakusihi nawe ulifanye kabla hujatoa hata senti. Tulibonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hapo hufunguka dirisha la Task Manager, na ndani yake mna ukurasa wenye michirizi inayopanda na kushuka: mmoja wa prosesa, mmoja wa RAM, mmoja wa diski, mmoja wa grafiki. Iache kazi yako nzito iendelee kwa dakika kumi huku ukiitazama. Sehemu iliyofika asilimia mia na kukaa hapo ndiyo inayowachelewesha wenzake.

Kwa kazi ya binti, mchirizi wa prosesa ulipanda hadi 100 ukaganda hapo kama umepigiwa msumari. Wa grafiki ulilala chini kabisa, karibu na sufuri. RAM ilikuwa imebaki kidogo sana. Sababu haikuwa siri. Injini ya kupigia picha aliyokuwa akiitumia, CineRender, iliyoingia katika ArchiCAD toleo la 18 mwaka 2014, humwita prosesa peke yake. Ungemwekea kadi ya bei ya ng'ombe wawili, picha ingechukua saa zilezile tatu na nusu.

Kijana alinyamaza. Nikamwambia naye aweke kazi yake.

Kumbe kazi yake ilikuwa mpira, PES 2017. Hakuona haya, wala sikuona sababu ya kumtahayarisha. Likizo ni likizo. Mchezo ulipoanza, wachezaji wakawa wanakatakata uwanjani kama picha za zamani za sinema ya mkononi. Tukatazama michirizi. Safari hii grafiki ndiyo iliyofika juu, prosesa ikiwa na nafasi ya kutosha. Tulipiga jaribio la pili, ambalo nalipenda kwa kuwa halidanganyi: tulipunguza ukubwa wa picha ya mchezo kutoka nukta 1,920 kwa 1,080 hadi 1,280 kwa 720. Mara mchezo ukalainika. Ukipunguza picha na mwendo ukaongezeka, basi kizuizi ni grafiki, kwa sababu umewapunguzia wachumaji miraba ya kuchuma. Ukipunguza na mwendo usibadilike, kizuizi ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia.

Kwa hivyo wana wote wawili walikuwa wakisema kweli, kila mmoja kuhusu kazi yake. Kosa la kijana lilikuwa moja tu, kuapa kwamba dawa yake itamponya na dada yake. Nilimwona mama akimtazama kwa jicho ambalo kila mtoto wa Kiafrika analijua.

Hebu niseme wazi, ili msomaji mwingine asije akaiga jibu la Ikonge bila kuiga swali. Kama binti angekuwa akipiga picha zake kwa Twinmotion au Lumion, ningemwambia mama anunue kadi bila kusita, kwa kuwa programu hizo huwategemea wachumaji. Blender inaweza kutumia yeyote kati ya wawili hao, na kadi hata ya wastani humshinda prosesa wa zamani. Wanaohariri video kwa DaVinci Resolve nao wataiona faida ya kadi. Lakini mwenye kuandika barua, kufanya hesabu za Excel, kusoma na kutazama masomo ya video, huyo hahitaji kadi kabisa. Ile grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe inamtosha.

Kisha kuna jambo la kasha, ambalo watu husahau na mimi nimewahi kulipia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kadi ya mtumba kwa furaha kubwa, nikafika nyumbani, nikaifungua kompyuta yangu na kugundua kwamba kadi inadai waya wa ziada wa umeme wenye pini sita, nao kisanduku changu cha umeme hakikuwa nao. Muuzaji hakuniuliza, nami sikumwuliza. Kadi hiyo ilikaa kabatini miezi minne, nikaiuza kwa hasara.

Ile OptiPlex nyembamba ya Ikonge ina kisanduku cha umeme cha wati 255 tu, kilichotengenezwa kwa umbo lake maalum, na hakina waya wa kulisha kadi. Kadi yoyote humo ingebidi iridhike na umeme wa pale inapochomekwa, ambao hauzidi wati 75. Isitoshe, ingebidi iwe ile fupi ya nusu kimo, kwani kasha halina nafasi ya kadi ya kawaida. Zipo kadi za namna hiyo: GT 1030 hutumia wati 30, na GTX 1050 Ti na GTX 1650 zina matoleo mafupi yanayokaa ndani ya wati 75. Walakini hizo fupi huwa adimu, na kitu adimu hakina bei ya huruma. Fundi aliyemshauri kijana alikuwa na kadi ya kimo cha kawaida. Isingeingia hata kwa nyundo.

Prosesa kwa upande wake ilikuwa na njia nyepesi. Katika kompyuta za Intel, vikalio vya prosesa kwenye madabodi hubadilika baada ya kizazi kimoja au zaidi, na prosesa ya kikalio kimoja haikai kwenye kingine. Cha mashine hii huitwa LGA 1150. Kwenye kikalio hichohicho hukaa Core i5-4590 yenye viini vinne, na Core i7-4790 yenye viini vinne vinavyoshika kazi nane kwa pamoja. Kwa mtu anayepiga picha za CineRender, i7 ndiyo inayolipa, kwa sababu injini hiyo hugawa picha vipande vipande na kila mkono unaopatikana hupewa chake. Kwa mwenye kazi za kawaida, i5 ingetosha na kuacha akiba.

Hapo ndipo nilipompa mama neno langu: nunua i7-4790 iliyotumika, na kwa pesa zitakazobaki ongeza kijiti cha pili cha RAM cha gigabaiti 8, DDR3, kinachofanana na kile kilichopo.

"Na mimi?" kijana akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kushindwa kesi.

Kile kijiti cha pili kilikuwa chake pia, ingawa hakujua. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe. Hukopa RAM ya kompyuta. Kijiti kikiwa kimoja, njia ni moja. Vikiwa viwili vilivyokaa mahali panapostahili, njia huwa mbili, na grafiki ya kukopa hunufaika kuliko yeyote. Zaidi ya hayo, grafiki iliyomo katika i7-4790, HD 4600, ina nguvu kidogo kuliko HD 4400 ya ile i3. Nilimwahidi kwamba mpira utachezeka vizuri zaidi kuliko zamani. Kadi sikumwahidi.

Mama alituma binti na kijana kwa pamoja, ili asiwepo wa kulalamika. Waliulizia katika maduka matatu mjini Kisii, wakiwa wameandika kwenye karatasi "LGA 1150" na "DDR3 ya kompyuta ya mezani", kwani RAM ya kipakatalishi ni fupi na haiingii. Bei zilitofautiana kwa zaidi ya shilingi elfu mbili kwa prosesa ileile. Walichukua iliyo na hakikisho la mwezi mmoja wakaandikiwa risiti. Yote mawili yaliingia ndani ya 15,000, wakarudi na nauli na chenji.

Kazi ya kubadilisha nilifanya na binti mwenyewe, juu ya meza ya chakula, stima ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Nilimsisitizia mambo matatu, na nawe uyashike. Kwenye kikalio cha Intel cha aina hii, pini ziko kwenye madabodi, nyembamba kama unywele, na ukizigusa kwa kidole zikapinda umeua madabodi, si prosesa. Prosesa hulazwa taratibu kwa kufuata alama ya pembetatu pembeni, haisukumwi. Na ile dawa nyeupe ya kupitisha joto iliyokauka hupanguswa yote na kupakwa mpya, kiasi cha punje ya mchele katikati. I3 ile ilikuwa ya wati 54, i7 ni ya wati 84, hivyo joto litakalotoka ni kubwa zaidi. Feni tuliikuta imevaa koti la vumbi la miaka. Tulilivua nje uwanjani, kuku wakitutazama.

Mashine ikawaka. Ilimtambua prosesa mpya bila maneno. Jioni hiyo binti aliirudia picha ileile ya kibaraza, sote tukila huku tukichungulia saa. Ilikamilika kwa saa moja na dakika arobaini. Picha nane sasa zilikuwa kazi ya siku mbili za kawaida badala ya usiku nane wa wasiwasi. Kuhusu stima, nilimshauri mama kwamba akipata tena pesa za ziada, anunue kwanza UPS ndogo, kabla hata ya kuifikiria kadi. Haizuii stima kupotea, ila humpa mtu dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu.

Jambo moja sikulificha, ingawa halikupendeza. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ikiwapa nyongeza ya mwaka mmoja wale waliojiandikisha. Windows 11 kwa upande wa Intel inazikubali rasmi prosesa za kuanzia kizazi cha nane. I3 yao ilikuwa ya kizazi cha nne, na i7 waliyoinunua ni ya kizazi hichohicho. Kubadilisha prosesa hakukuisogeza mashine hata hatua moja katika foleni hiyo. Kwa sababu hii ningemkataza mama kutumia hata elfu tano zaidi juu yake. Ile kadi, kama wangeipata fupi, ingekuwa imemeza mkoba mzima kwa ajili ya mashine ambayo siku zake zinahesabiwa. Binti akimaliza chuo na kuanza kupata kazi za kuchora, ajiwekee akiba ya kompyuta nyingine, ya kasha kubwa lenye kisanduku cha umeme cha kutosha, na hapo ndipo ugomvi wa kadi ufunguliwe upya.

Kijana aliposikia "kasha kubwa" alichukua ile karatasi ya "LGA 1150", akaigeuza upande wa pili na kuniomba nimwandikie ukubwa wa kasha, wati za umeme na jina la kadi. Niliandika. Mama akaisoma yote, polepole, kisha akaikunja na kuitia ndani ya kitabu cha kuhesabia kilo za majani chai.